Niliahidiwa Mji

Teksi ya kwanza Mama aliifukuza kwa mkono, ya pili kwa jicho tu. Alisimama mlangoni pa stesheni na mkoba wake wa kitambaa, akasubiri Dereva amfikie.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda."

Dereva akanyoosha mkono kumpokea mkoba. Mama akaushikilia kidogo, kama mtu anayefikiria, kisha akauachia.

Kule kiwanda cha mikate bado walimwita Dereva, ingawa siku hizi hakugusa usukani. Kazi yake ilikuwa kutoa trei za moto kwenye tanuri, na mikono yake ilijaa makovu ya kuungua. Wiki iliyotangulia simu ilimlilia akiwa bado amevaa glavu.

"Ni mimi," Mama alisema. "Nakuja Jumamosi. Nina siku moja. Nataka kuuona mji kwa miguu, kwa treni, kwa chochote, ila siyo kwa gari."

"Siendeshi tena, Mama."

"Basi tutatembea vizuri."

Mara nyingi Dereva alikuwa amenuia kwenda kumwona. Kila mara alifika kituo cha mabasi, akaketi na tiketi yake, aibu ikamla, akarudi chumbani kwake. Sasa mama wa watu amefunga safari mwenyewe, na miguu yake ile.

Walianza na lile jengo refu kuliko yote.

"Niliahidiwa lifti ya kioo," Mama alisema. Hakusema kwa lawama, lakini Dereva alitazama chini.

"Ipo, Mama. Twende."

Juu kabisa, Mama aliweka kiganja kwenye kioo. Chini kulikuwa na mapaa, reli, na watu wadogo kama punje za mtama.

"Ukiwa huku," akasema, "unaweza kusahau kwamba kila mmoja wao ana kwao."

Makumbusho waliingia kwa sababu ya kivuli. Mapanga ya wafalme Mama aliyapita kama masufuria ya jirani. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana, na kilichomsimamisha ni joho moja kuukuu lililotundikwa ndani ya kabati la kioo.

"Pindo hili limeshonwa na mtu mwenye haraka," akamwambia mlinzi, na mlinzi akacheka mpaka kofia ikamlegea. Dereva naye akacheka. Halafu akakatiza kicheko ghafla, kama mtu aliyecheka msibani.

Mchana walikaa mgahawani. Akamimina chai, akashika kijiko. "Unatumia sukari, Mama?"

Swali lilipomtoka akatamani kulimeza.

"Situmii," Mama akajibu taratibu, akamtazama usoni mpaka chai ikaacha kufuka moshi.

Kwenye uwanja wa chemchemi mpiga picha aliwadaka. "Msogelee mama yako, bwana, haumi. Mwekee mkono begani. Hee, mmefanana, hasa hapo kwenye paji la uso."

Mkono wa Dereva ulibaki hewani, haukujua pa kutua. Mama ndiye aliyeuvuta, akauweka begani kwake. "Piga," akasema.

Picha ilipotoka, hakuiweka mkobani. Akamtilia Dereva mfukoni. "Kaa nayo wewe. Mimi picha ninazo."

Alasiri walipanda pantoni kuvuka mto. Upepo ulikuwa mzuri, abiria wamesinzia. Mama akamvuta shati.

"Kifungo chako kinaning'inia. Huna mtu wa kukutazama?"

"Sina, Mama."

Fundi hatembei bila sindano. Akatoa uzi, akautia mate, akainama kifuani kwake. "Usitikisike, nitakuchoma."

"Nichome tu, Mama."

Hakuwa anatania, na Mama alijua. Sindano ikasimama. "Ningetaka kukuchoma," akasema, "ningekuchoma siku nyingi." Akaendelea kushona. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, karibu kabisa na moyo wake, na Dereva akageuza uso kwenye maji ili abiria wasione.

"Unalala?" Mama akamuuliza.

"Kidogo."

"Mimi pia kidogo."

Wakashuka ng'ambo.

Jua lilipoanza kulegea, Dereva akamkumbusha kuhusu treni ya kurudi. Alikuwa amemwonyesha kila kitu: jengo, makumbusho, chemchemi, mto. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba, na kila baada ya maduka mawili matatu alishika ukuta kuvuta pumzi.

"Imebaki sehemu moja," Mama akasema. "Sitakuja tena mjini, mimi. Usinirudishe kabla sijaiona."

Hakumuuliza ni wapi. Siku nzima alikuwa ameizungusha njia yao mbali na pale, na sasa aliona kwamba Mama alijua anazungushwa, akamwachia. Akampa mkono. Wakatembea polepole, wakapita mafundi viatu, wakapita duka la simu lenye muziki mkubwa, mpaka kwenye mistari myeupe ya wavuka barabara, nyuma ya kiwanda cha mikate.

Magari yalikuwa yakipita. Mwanafunzi mmoja alivuka mbio, begi likirukaruka mgongoni. Mama akamfuata kwa macho mpaka akafika salama.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Mama."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akasimama ukingoni mwa barabara kwa miguu mitupu. Hakulia. Alipanga kanga yake vizuri mabegani kwanza.

"Nionyeshe," akasema. "Mwanangu ndiye aliyeniahidi mji huu. Alikuwa anatokea upande gani ulipomgonga?"

Dereva akanyoosha mkono kuelekea kushoto. Ukataka kuanguka, na Mama akaushika kwa chini, akausaidia kukaa juu.