Marinda Mawili

Chati ya maneno ya anga ilikuwa imebakisha nafasi moja tupu, upande wa Kiswahili. Mwalimu wa fizikia, aliyesomea Tehran, alikuwa ameandika kwa Kiajemi: paradoks-e doqoluha. Mimi, mwalimu wa Kifaransa, niliandika paradoxe des jumeaux. Kisha nikakaa nikifungua na kufunga kifuniko cha kalamu.

"Si uandike tu 'fumbo la mapacha', Mulongo," alisema. "Pacha mmoja anaruka angani, kasi karibu na ya mwanga. Akirudi, mwenzake amezeeka, yeye bado mdogo."

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa ofisi ya walimu. Alikuwa amekuja Kitale asubuhi hiyo kutoka Myanga, kuniletea nguo ya Krismasi.

"Bado mdogo kabisa?" akauliza.

"Kabisa, mama. Saa yake ilienda polepole."

Mama akafungua mfuko, akatandaza marinda mawili juu ya chati. Kitambaa kimoja, maua yaleyale ya zambarau, kola ileile. Langu lilikuwa pana kiunoni. La pili lingemtosha mtoto wa darasa la pili.

"Hilo dogo ni la mjukuu?" mwalimu akauliza.

"Ni ya Mukhwana, pacha wake."

Tulimzika Mukhwana tukiwa watoto. Kila mwaka nimemwambia Mama aache kumshonea, na kila mwaka tumegombana.

Alinyoosha ile kola ndogo kwa kidole. "Sasa mwalimu, huyo akirudi, si hii itamtosha?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimwahi.

"Itamtosha, Mama."