Injini ya Abu Rakan

"Injini imekufa, hajji," fundi alisema, akifuta mikono kwenye suruali. "Mkanda umekatika, vali zote zimepinda. Kuitengeneza ni ghali kuliko gari lenyewe."

Gari lilikuwa limezimika ghafla kwenye mteremko wa kuingia mji wa Irbid, baba yangu Abu Rakan akiwa kwenye usukani. Alilipenda mno, hatukuthubutu hata kulifungua mlango bila ruhusa. Nikasubiri alipuke.

Aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado na joto, akakiacha hapo.

"Usijali, Baba," nikasema. "Mimi na kina kaka tutachanga."

"Msichange."

"Sasa wajukuu utawapelekaje shule?"

"Mwanangu, tangu baridi ianze sioni vizuri. Taa nyekundu naijua kwa kuona wenzangu wamesimama." Akashusha pumzi ndefu. "Kila asubuhi namwomba Mungu nifike nao salama. Nilishindwa kuwaambia."

Nikaushika mkono wake, wenye vumbi la boneti, nikaubusu.

Akamgeukia fundi, akitabasamu. "Wewe ungesema inatengenezeka, ningekuchukia maisha. Haya, tuitie teksi."