Ua wa Pembe Sita

Mtahini wa nje alipouona mchoro wa kwanza, wa jengo kwa nje, hakungoja wa pili ufunuliwe. Aliinuka, akachukua kalamu, akauchora yeye mwenyewe ubaoni.

Alichora ua wa pembe sita. Akazungusha kibaraza kifupi cha saruji chini ya kuta zote, akaweka bomba la maji katikati, na madirisha membamba juu kabisa, karibu na paa. Kisha akageuka.

"Sasa funua, binti."

Msichana akafunua. Ukumbi ukapigwa na butwaa. Mchoro wake na ule wa ubaoni ulikuwa mmoja.

Alikuwa amekuja kutetea kazi yake ya shahada ya uzamili katika usanifu majengo. Wenzake walisanifu viwanja vya ndege na maghorofa ya vioo; yeye alisanifu kituo cha kulelea watoto wadogo. Mtahini huyo wanafunzi walimwita Msumeno, maana alikata akienda, akakata akirudi. Lakini leo hata yeye hakuonekana kuifurahia kazi hiyo ya kukata.

"Nikiwa kijana," Msumeno alisema, "nilitumwa kulipima jengo hili kabla halijabomolewa. Lilikuwa jengo la serikali. Si la kuingia mpita njia, na kupiga picha ilikuwa marufuku. Vipimo vyake vimefungiwa ofisini kwangu mpaka leo. Wewe mazoezi yako ya kazi ulifanyia wapi?"

Msichana akajibu: "Ofisini kwenu, Profesa."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mkuu wa idara akavua miwani.

"Michoro ya zamani uliigusa?"

"Sikuigusa. Chumba chenyewe sijawahi hata kukiingia."

"Basi hili jengo uliliona wapi?"

"Sijaliona popote. Nimelibuni."

"Haya, nieleze. Kibaraza hiki cha nini?"

"Cha mtoto anayeanza kutembea. Anashika, anauzunguka ua wote bila kuachia."

"Na madirisha yote hayo kule juu? Mtoto ataona nini?"

"Nje haoni. Ila jua linaingia, linachora mistari sakafuni. Inavyosogea, naye anaifuata." Sauti yake ilikuwa imeanza kutulia. "Na hapa bombani, akina mama wanafua huku watoto wanacheza."

"Wanafua? Kwenye kituo cha watoto?"

Mtu mmoja akacheka. Msichana akabaki ameukazia macho mchoro wake mwenyewe.

"Sijui, Profesa. Ndivyo kilivyonijia."

Msimamizi wake, mwalimu ambaye kwa kawaida hakupenda mabishano, akanyanyua mkono. "Huyu namfahamu. Siku ya kwanza nilimwambia anichoree mahali ambapo mtoto hawezi kuogopa kitu chochote. Alifumba macho kidogo, akauchora huo ua kwa mkupuo mmoja. Hakufuta hata mstari."

"Hakufuta kwa sababu alikuwa amekariri," Msumeno akajibu.

Mwalimu akashusha mkono.

Mkuu wa idara akamgeukia msichana. "Binti, sheria unaijua. Kazi ya wizi haisahihishwi. Unafukuzwa hapa, na sidhani kama kuna chuo kingine kitakachokupokea. Sema kweli sasa hivi, labda tutaona pa kukushikia."

"Nimeshasema kweli."

"Unatuambia vitu hivi vimefanana kwa bahati tu? Pembe sita? Kibaraza? Bomba?"

"Sina la kuwaambia zaidi." Akaegemea meza, modeli yake ya mbao ikatikisika. "Mkinifukuza mtanifukuza, lakini mwizi siyo mimi."

Akatupa macho safu ya nyuma, alikokaa mama yake. Mama alimlea peke yake, kwa cherehani, katika nyumba ambayo milango ya vyumba ililala wazi usiku kucha kwa kuwa hakuvumilia sauti ya komeo. Hakuwa na makuu. Kila hatua ya mwanawe aliipigia vigelegele, isipokuwa hii ya mwisho. Siku msichana alipompelekea modeli nyumbani, mama aliitazama, akatoka nje kuanua nguo zilizokuwa bado zinachuruzika maji. Msichana alilala akijua kazi yake haikumpendeza.

Sasa mama alikuwa ameinamisha kichwa, mkoba ameukumbatia kifuani.

Wanajopo wakanong'onezana. Msumeno akatikisa kichwa, wa pili naye akatikisa. Mkuu wa idara akavaa tena miwani yake.

"Jopo limeridhika kwamba kazi hii..."

"Hakuiba."

Vichwa vyote vikageuka. Mama alikuwa amesimama.

"Mama, tunaomba ukae," mkuu wa idara alisema kwa upole. "Uchungu wa mwana tunaujua, lakini haya ni mambo ya kitaalamu."

"Nitakaa nikishamaliza, baba."

Akashuka ngazi za ukumbi, mkono ukutani, mpaka mbele. Jopo hakulitazama. Alisimama karibu na mwanawe, akamshika kiganja. Kilikuwa baridi kama maji ya mtungini.

"Mama, jengo hili unalijua?" Msumeno akauliza.

"Nalijua."

"Ulimwonyesha wewe? Ulimsimulia?"

"Sijawahi kumtajia. Nilitaka nife nalo moyoni." Akamgeukia binti yake, akasema naye kana kwamba wako wawili tu. "Nilikuzaa humo, mwanangu. Na siku kifungo changu kilipokwisha, ulilia njia nzima ukitaka nikurudishe ndani."