Mkoba wa Baba

“Kompyuta mpakato nyembamba, nyepesi kama daftari,” niliwaandikia wanunuzi kwenye tathmini yangu ya bidhaa hiyo. Ili nisije nikawadanganya, niliitia kwenye mkoba wa zamani wa baba, nikampa aubebe.

Aliuvaa, na bega likainama lenyewe, kama enzi zile akitoka kazini na kompyuta yake nzito kama tofali.

“Mbona hujaweka kitu?”

“Imo, baba.”

Akafungua zipu, akachungulia, akacheka. Kisha akautua mezani, palepale alipoutua kila jioni nilipokuwa mdogo. Enzi hizo nikisikia kishindo tu, natoka chumbani mbio.

Safari hii sikusikia kitu.

“Nzuri,” akasema. “Ila kwa hii, ungejuaje kama nimerudi?”

Kwenye sehemu ya kasoro ya tathmini ile, niliyokuwa nimeiacha wazi, nikaandika: haina kishindo.