Maji Yasiyokatika

Itangazwe kwa wana Songea wote, wa mjini na wa mashambani: kisima cha mababu, ambacho hakijanyamaza tangu kabla ya Mjerumani, leo mbele ya mgeni rasmi kimenyamaza!

Kilinyamaza kwa sababu Leo, wa kidato cha tatu, alikuwa ameingiza mkono mpaka kiwikoni kwenye mdomo wa chuma wa kisima hicho.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mgeni, tajiri wa Dar ambaye soko huria lilimtuma kuyatia maji yale kwenye chupa, angeinama kuchungulia. Leo, aliyesimama na kwaya kando ya kisima, joho likificha mkono, angeuchomoa. Suti ingelowa chapachapa.

Mwanzoni maji yalimsukuma kiganja kwa nguvu. Kisha yakatulia. Leo akajiona mshindi, akavuta mkono. Haukutoka. Akavuta tena; ngozi ikawaka moto.

Bwenini mtu akapiga kelele, “Jamani, maji yamekatika bombani! Nina sabuni machoni!”

Mkuu wa shule, Mwalimu Hironimus, akakwama katikati ya hotuba.

Leo akakumbuka. Juzi tu, mbuzi alipokutwa ofisini amefungwa tai, Mkuu alimwambia, “Kosa moja tena, unarudi Maposeni kupalilia mahindi.”

“Mbona hakitoi?” mgeni akauliza. “Si mlisema hakikatiki?”

“Huwa… kinapumzika, mheshimiwa.”

“Kinapumzika? Basi niwashe gari.”

Noela wa sauti ya kwanza akamkanyaga Leo mguu. “We, toa mkono!”

“Umenasa, dada.”

“Basi sema! Au utaoa hapo kisimani?”

Leo akafumba macho. “Shikamoo, Mkuu. Ni mimi. Nimekiziba, na mkono umenasa.”

Alisubiri kofi. Badala yake uso wa Mkuu ukachanua. “Mheshimiwa, umeona? Ni mtundu wetu huyu tu!”

Mgeni akacheka mpaka akashika tumbo. “Mtoeni basi, tuyaone maji.”

“Asiharakishwe,” Mkuu akasema. “Ataumia.”

Lakini Noela alishakimbilia jikoni kuleta mafuta. Wakapaka, wakavuta. Mkono ukachomoka, po!

Wote wakainama kuchungulia. Halikutoka hata tone.

Mkuu akamwinamia Leo kana kwamba anamfuta mafuta. “Mwanangu,” akanong'ona, “nakuomba, urudishe mkono. Urudishe mpaka bomba la mjini lifunguliwe.”