Mbuni na Mguu wa Kongoni

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakishindana mbio kila mwezi ulipoandama, Mbuni alikuwa hashindwi. Siku moja goti lake likateguka, akawa wa kukaa pembeni na kutazama. Kila aliyempa pole alimjibu, "Si kitu, mwezi ujao nitakuwepo." Miezi ikapita. Sasa mshindi alikuwa Kongoni, na Mbuni alimshangilia kwa sauti kubwa huku moyoni akimwombea aanguke.

Kongoni akaanguka kweli, akavunjika mguu. Wenzake wakamlaza kando ya Mbuni, kisha wakarudi mbioni.

Mbuni alingoja furaha ije. Badala yake machozi yakamtoka, yeye ambaye hakuwahi kulililia hata goti lake mwenyewe.

"Unalia nini, dada?" Kongoni akauliza. "Wewe si unarudi mwezi ujao?"

"Sirudi, kaka. Sirudi tena. Na nilikuombea uanguke."

Kongoni alitazama vumbi la wenzake likienda mbali.

"Goti lako lilipoteguka," akasema, "mimi nilicheka."

Mbuni alikunjua bawa lake, lile lisilomrusha popote, akaufunika mguu wa Kongoni ili jua lisiuchome.