Chupa Thelathini za Mto Kuywa

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu, hata chumvi sijatia.

Mwaka wa 2006 Nasike, mtaalamu wa udongo kutoka Kitale, alinipa chupa thelathini. Kila mvua ikinyesha nichote maji ya Mto Kuywa, ajue tope linatoka shamba la nani. Mwenye shamba hilo angeacha kulima kando ya mto, apande nyasi.

Lakini mvua ya Kimilili na magoti ya mstaafu, si unajua? Nilijaza chupa zote nyumbani kwa maji ya pipa, nikatia udongo wa shamba langu kidogo kidogo.

Kwenye baraza la kijiji Nasike akasema, "Tope lote ni la shamba moja. Lako, mzee."

"Ati langu?"

"Tena halina hata punje ya udongo wa jirani."

Akainua chupa moja. Ndani yake unyoya mweupe ulikuwa unazunguka polepole.

"Mzee, huu mto wako unafuga kuku?"

Watu wakacheka. Mvua zilikuwa zimekwisha, na tope la kweli lilishapita na maji.

"Basi nyasi zianze kwangu," nikasema.

Kesho yake nilizipanda kando ya mto, pale marehemu mke wangu alipokuwa akipanda maharagwe.